Nyambizi ya Kijerumani U-852: Eck aliwamiminia manusura risasi kwa woga, kwa amri au kwa roho mbaya tu?

Pweza Mkavu — #1

Wakuu salaam.

Kuna nyambizi ya Hitler iliyoishia pwani ya Somalia, na kila nikiitaja kijiweni watu wanadhani natunga. Inaitwa U-852. Iliundwa Bremen kwenye karakana za AG Weser, aina ya IXD2, yale madude ya safari ndefu yenye urefu wa karibu mita 88. Kamanda wake alikuwa Heinz-Wilhelm Eck. Waliondoka Kiel tarehe 18 Januari 1944 wakielekea Bahari ya Hindi, na hiyo ndiyo ilikuwa safari ya kwanza ya vita kwa nyambizi yenyewe na kwa Eck akiwa kamanda.

Tarehe 13 Machi, giza limeshaingia, wako katikati ya Atlantiki kati ya Afrika Magharibi na Brazili. Wakakutana na meli ya Kigiriki, Peleus, imetoka Freetown inakwenda Buenos Aires bila mzigo. Wakaipiga torpedo mbili, ikazama upesi. Mpaka hapo ni vita, sina neno. Lakini Eck hakuondoka. Alizunguka pale kama saa tano akiamuru vyelezo, yaani majukwaa ya kuelea ya kujiokolea, vipigwe kwa rashasha na maguruneti, na watu wako juu yake na wengine wameng'ang'ania pembeni. Mwishowe walipona watu watatu.

Baada ya vita Waingereza wakamnyonga. Mimi nasema ulikuwa woga. Alikuwa anaogopa ndege. Nyie mnasemaje?

Kijiwe Nongwa — #2

Nimekaa siti ya mbele, kahawa na kashata mkononi. Waje wajuzi.

Wakili Asiyevaa Tai — #3

Mleta uzi, hakunyongwa. Alipigwa risasi na kikosi cha askari, 30 Novemba 1945, kule Lüneburg, pamoja na August Hoffmann aliyekuwa ofisa wa zamu na Walter Weisspfennig. Kesi iliendeshwa Hamburg mbele ya mahakama ya kijeshi ya Waingereza, 17 hadi 20 Oktoba. Siku nne tu. Na kwa kuwa meli ilikuwa ya Ugiriki, maofisa wa jeshi la majini la Ugiriki walikalia kiti cha majaji pamoja na Waingereza. Hamburg ndiko Eck alikozaliwa, kwa hiyo alihukumiwa nyumbani.

Washitakiwa walikuwa watano. Fundi mkuu wa mitambo, Hans Lenz, alipewa kifungo cha maisha, na baharia mmoja wa cheo cha chini, Schwender, miaka 15. Hao wawili walitoka mwanzoni mwa miaka ya 1950.

Zuberi wa Mtoni — #4

Hii si ndiyo ile Wajerumani waliificha Rufiji? Babu alikuwa anatuhadithia.

Kijiwe Nongwa — #5

Zuberi, babu yako alikuhadithia vita nyingine kabisa. 😂

Pweza Mkavu — #6

@Zuberi hiyo ni Königsberg, manowari ya Vita ya Kwanza, wenyewe waliizamisha Julai 1915 baada ya kuchapwa na Waingereza pale deltani. Wala haikuwa nyambizi. Tusichanganye mafaili.

Baharia Mstaafu — #7

Nimefanya kazi melini, chumba cha injini, nusu ya maisha yangu. Ngoja niwaeleze hoja ya Eck kama alivyoitoa mwenyewe mahakamani, kisha kila mtu ahukumu.

Meli ikizama inaacha mbao, maboya, vyelezo na mafuta. Ndege ya doria ikiona uchafu huo asubuhi inajua nyambizi iko karibu. Usiku wa mwendo wa juu ya maji haukufikishi mbali, na mchana lazima uzame, na chini ya maji dude kama lile linatambaa, noti saba (kama kilomita 13 kwa saa) hazifiki. Ndege za Wamarekani zilikuwa kisiwa cha Ascension, si mbali na pale. Kwa hiyo Eck alisema alikusudia kuzamisha vitu vinavyoelea, si kuua watu. Alidhani vyelezo vina matumbo matupu, ukivitoboa vinajaa maji.

Sasa shida: havikuzama. Risasi zilipita, vikaendelea kuelea. Ndipo wakaleta maguruneti. Na mtu aliyelala juu ya chelezo hana namna ya kutenganishwa na chelezo.

Mlamba Chumvi — #8

Mimi ni mvuvi, Pemba. Mwaka fulani mashine ilitufia usiku mkondoni, tukavutwa hadi tusione taa ya nchi kavu. Meli kubwa ilipita karibu kiasi cha kusikia mtambo wake ukiunguruma, tukapunga tochi, tukapiga sufuria, ikapita zake. Usiku usio na mwezi chombo kidogo hakionekani. Asubuhi ndio kila kitu kinaonekana, hata dumu moja.

Lakini mafuta je? Dizeli kidogo tu iliyotutoka usiku ilikuwa imetandaa alfajiri mpaka macho yanapoishia, inang'aa rangi rangi. Meli nzima ikizama unapiga risasi mbao ili iweje? Mafuta utayapiga risasi?

Wakili Asiyevaa Tai — #9

@Mlamba Chumvi umegusa hoja yenyewe ya mwendesha mashitaka. Kwamba kama nia ilikuwa kujiokoa, angeondoka kwa kasi yote usiku ule. Saa tano za kuzunguka ni saa tano ambazo angekuwa mbali. Nyambizi ile juu ya maji ilikuwa inafika noti 19.

Dada Mwajuma — #10

Samahani wakuu, huyo Weisspfennig hapo juu hamkumalizia. Alikuwa daktari.

Kijiwe Nongwa — #11

Daktari kashika rashasha?

Dada Mwajuma — #12

Ndiyo. Daktari wa nyambizi. Mimi ni muuguzi, na kati ya wote hao yeye ndiye aliyenikera zaidi. Wengine wanaweza kusema kazi yao ni kupiga. Daktari wa jeshi kwa sheria za vita si mpiganaji, silaha anayoruhusiwa ni ya kujilinda na kulinda wagonjwa wake. Yeye alipewa bunduki akapiga. Utetezi wake ulikuwa amri ya kamanda. Hata kama woga wa Eck ni wa kweli, @Pweza, woga wa daktari ulikuwa wa nini? Ndege haikuwepo.

Pweza Mkavu — #13

Dada, hapo sina jibu.

Mikindani Boy — #14

Niaje wakuu. Mimi niko Mombasa na nataka kuwaongezea kitu ambacho Wabongo mtakataa. Ndege zilizoimaliza U-852 zina asili ya hapa kwetu. Skwadroni ya 621 ya jeshi la anga la Uingereza iliundwa Port Reitz Septemba 1943, hapo hapo palipo uwanja wa ndege wa Moi leo. Walikuwa na ndege aina ya Wellington. Baadaye wakahamia Mogadishu, halafu Aden, na vikosi vyao vidogo vikitawanywa pwani ya Somalia. Tarehe 2 Mei 1944 ndio walioikuta.

Zuberi wa Mtoni — #15

Wakenya mpaka nyambizi ya Hitler mmejimilikisha. 😂 Mlima mnatangaza wenu, sasa na hii.

Mikindani Boy — #16

Mlima tunauona vizuri kutoka huku bwana, si kosa letu.

Baharia Mstaafu — #17

Rudini kwenye mada. Mikindani Boy yuko sahihi, ila sifa wagawane. Skwadroni ya 8 kutoka Aden nayo ilishiriki. Ilikuwa kupokezana: ndege moja inadondosha mabomu ya kupigia nyambizi na kufyatua bunduki, inakwenda, nyingine inakuja. Wajerumani nao wakijibu kwa mizinga ya kutungulia ndege. Nyambizi ilikuwa imeshaumia, haikuweza kukaa chini.

Kwa wasiojua, nyambizi za wakati ule zikizama zilitumia betri, seli nyingi za madini ya risasi na asidi zimepangwa chini ya sakafu. Mtikisiko wa bomu ukipasua betri na maji ya chumvi yakaingia, inatoka gesi ya klorini. Humo ndani hamna dirisha. Ama unapanda juu ukakutane na ndege, ama unakaa chini ukohoe mpaka ufe.

Tarehe 3 Mei Eck akaipeleka kwenye fungu pwani ya Somalia, kusini ya Ras Hafun, maeneo ya Bender Beyla, wakailipua wenyewe na kwenda ufukweni. Saba walikufa, 59 wakashikwa.

Mtu wa Barawa — #18

Ile pwani naijua kwa kupita na jahazi, si mahali pa kupeleka chombo kwa hiari. Mwezi wa tano kusi imeshaanza kuamka, mawimbi yanavunjika mbali na ufukwe, na ukishafika juu ni majabali na jangwa, kisima cha kutafuta kwa kuuliza. Kwa hiyo anayesema Eck alikuwa mwoga asome hapo tena. Kuogelea na watu 59 kwenda pale, na ndege ziko juu, si kazi ya mwoga.

Waliowakusanya walikuwa mabaharia wa Kiingereza walioteremka kutoka melini, pamoja na askari wa ngamia wa Somaliland. Eneo lile lilikuwa la Waitaliano lakini tangu 1941 lilikuwa chini ya utawala wa kijeshi wa Waingereza.

Kijiwe Nongwa — #19

Nyambizi kukamatwa na ngamia. Hii peke yake inatosha uzi.

Pweza Mkavu — #20

@Mtu wa Barawa, mtu anaweza kuogopa ndege na asiogope mawimbi. Na woga wa ndege haukuwa wa kufikirika. Nyambizi za aina yake zilizomtangulia njia ile ziliisha. U-848 na U-849 zilizamishwa Novemba 1943 na ndege za Ascension. U-850 ikazamishwa Desemba. U-177 Februari 1944, Ascension tena. Kabla ya kuondoka, Eck alionywa na Adalbert Schnee, kamanda mzoefu aliyekuwa makao makuu, kwamba dude lake ni zito na asiache alama nyuma.

Wakili Asiyevaa Tai — #21

U-177 itoe kwenye orodha. Ilizama tarehe 6 Februari, Eck alikuwa ameshaondoka Kiel. Huwezi kumtia mtu woga kwa jambo lililotokea akiwa njiani.

Na huyo Schnee aliitwa mahakamani kumtetea. Akaulizwa, je, wewe ungefanya hivyo? Ikabidi akiri kwamba yeye asingefanya. Shahidi wa utetezi huyo.

Chifu wa Data — #22

Mnazunguka. Ilikuwa amri ya Dönitz, mkuu wa nyambizi zote za Ujerumani. Someni kisa cha Laconia. Septemba 1942 nyambizi U-156 ya Hartenstein ilizamisha Laconia, ikagundua imejaa mateka wa Kiitaliano, ikaanza kuokoa watu na kuvuta mashua zao. Ikatangaza redioni kwamba inaokoa. Ndege ya Marekani kutoka Ascension hiyo hiyo ikaja kuipiga bomu, na manusura wako juu ya sitaha. Siku iliyofuata Dönitz akatoa amri, marufuku kuokoa mtu yeyote. Eck alilelewa kwenye amri hiyo.

Wakili Asiyevaa Tai — #23

Marufuku kuokoa ni jambo moja, kuua ni jambo jingine. Waendesha mashitaka wa Nuremberg, kwenye kesi ya wakubwa wa Hitler, walitamani sana kuunganisha hayo mawili ili wamtie Dönitz hatiani, na Eck aliulizwa kabla hajauawa. Angeweza kumsukumia mkubwa wake mzigo. Alikataa, akasema uamuzi ulikuwa wake.

Chifu wa Data — #24

Au alimlinda mkubwa wake. Mtu anayejua anakufa haongezi kitu kwa kumwangusha bosi.

Wakili Asiyevaa Tai — #25

Anaongeza: uhai wake. Ndilo jambo pekee lililoweza kumwokoa.

Mama Ntilie wa Kariakoo — #26

Wapendwa nawafuatilia kimya kimya huku napika. Na wale walionusurika?

Pweza Mkavu — #27

Waliosalia ni ofisa mkuu Antonios Liossis na mabaharia wawili. Ofisa wa tatu, Agis Kefalas, alijeruhiwa mkono na akafia kwenye chelezo baada ya wiki kadhaa. Na Kefalas huyo ndiye Wajerumani waliyemwita karibu na nyambizi kabla ya kuanza kupiga, wakamhoji jina la meli na safari, wakamrudisha kwenye chelezo. Walikuja kuokolewa tarehe 20 Aprili na meli ya Kireno, Alexandre Silva, wakapelekwa Lobito, Angola. Zaidi ya mwezi mzima juu ya mbao. Jumla walikuwa watu 35 kwenye Peleus.

Chifu wa Data — #28

Orodha nyingine zinasema 39. Hiyo 35 ndiyo iliyotumika mahakamani. Na hawakuwa Wagiriki wote, kulikuwa na Waingereza, Wachina, Wamisri, na baharia wa Aden pia.

Mama Ntilie wa Kariakoo — #29

Walihoji kwanza halafu wakamrudisha akapigwe? Basi hiyo si woga. Mtu aliyeogopa haketi kuuliza majina.

Baharia Mstaafu — #30

Mama kapiga ndipo.

Na kuna la fundi mkuu Lenz, linanisumbua kwa sababu ndio kazi yangu. Lenz aliposikia amri alikwenda kwa kamanda akasema hakubaliani. Kamanda akakataa. Baadaye usiku ule Lenz akapanda juu, akamkuta Schwender na rashasha. Akamnyang'anya, akapiga mwenyewe. Alipoulizwa sababu mahakamani alisema Schwender alikuwa askari mbovu, hakustahili kutekeleza amri kama ile. Nimesoma mara nyingi na bado sielewi akili hiyo. Mtu mmoja, usiku mmoja, amepinga na amepiga.

Dada Mwajuma — #31

Mimi naielewa kidogo. Kazini ukishapinga ukashindwa, unatafuta namna ya kuonekana bado ni mwenzao. Nimeona wodini kwa mambo madogo kuliko hayo.

Kijiwe Nongwa — #32

Hapa sina utani.

Zuberi wa Mtoni — #33

Lakini askari wa chini angefanyaje? Unapewa amri baharini, ukikataa unapigwa risasi wewe.

Wakili Asiyevaa Tai — #34

Hiyo hoja ilitolewa na ikajibiwa kwa kesi ya Wajerumani wenyewe. Mwaka 1918 nyambizi U-86 ilizamisha meli ya hospitali, Llandovery Castle, ikapiga mashua za manusura. Mwaka 1921 mahakama ya Ujerumani, Leipzig, ikawafunga maofisa wawili miaka minne kila mmoja, ikikataa kisingizio cha amri. Kule Hamburg mshauri wa sheria aliwaambia majaji kwamba baharia hatarajiwi kutembea na vitabu vya sheria, lakini zipo amri ambazo uharamu wake uko wazi kwa yeyote.

Mikindani Boy — #35

Na washindi je? Januari 1943 nyambizi ya Marekani, Wahoo, ilipiga mashua za manusura wa meli ya Japani karibu na New Guinea, na majini mle walikuwemo mateka wa Kihindi, askari wa upande wao wenyewe. Kamanda alipewa nishani. Hakuna mahakama.

Na la kwetu. Khedive Ismail iliondoka Kilindini Februari 1944 kwenda Colombo imebeba wanajeshi, wakiwemo vijana wa mizinga wa Afrika Mashariki, na manesi. Tarehe 12, karibu na Maldives, nyambizi ya Japani I-27 ikaipiga. Ilizama ndani ya dakika chache. Watu 1,297 walikufa. Nyambizi ikajificha chini ya waliokuwa wanaogelea, na manowari za Uingereza zikadondosha mabomu hapo hapo penye watu. Kwenye familia ya mama kuna mtu hakurudi kwenye meli hiyo. Alipigwa na Mjapani au na Mwingereza, hakuna wa kutuambia.

Pweza Mkavu — #36

Pole sana ndugu. Hili sikulijua.

Wakili Asiyevaa Tai — #37

Pole. Tofauti moja niiseme kwa heshima: pale adui alikuwa chini yao kweli, na I-27 ilizamishwa siku ile ile. Pale kwa Eck hakukuwa na adui.

Mikindani Boy — #38

Tofauti naiona wakili. Mama wa yule kijana asingeiona.

Mtu wa Barawa — #39

Mimi narudi kwa Eck. Tarehe 1 Aprili, karibu na Cape Town, alizamisha meli ya Kiingereza, Dahomian. Safari hii aliondoka mara moja, na karibu watu wote wakapona. Kama ilikuwa amri ya makao makuu, mbona hakuifuata mara ya pili? Kama ni ukatili wa asili, mbona hakurudia?

Pweza Mkavu — #40

Kwa sababu Cape Town ndege ziko pua na mdomo! Woga, nilisema.

Mama Ntilie wa Kariakoo — #41

Au aliona aibu.

Chifu wa Data — #42

Aibu hapana. Alipoona mabaharia wake wamenyong'onyea baada ya Peleus, alizungumza nao kwa kipaza sauti cha ndani. Akawaambia wakizidiwa na huruma wakumbuke wake na watoto wao wanaokufa nyumbani kwa mabomu. Hiyo ni hasira, si woga wala aibu.

Baharia Mstaafu — #43

Pia ni kamanda wa mara ya kwanza anayeona watu wake wanamtoka mkononi.

Fundi Mota — #44

Nimechelewa. Kuna mtu ametaja kile kishada? Nyambizi hii ilikuwa na kishada cha kubeba mtu, Fa 330, kina panga za juu kama helikopta lakini hakina injini. Nyambizi inakwenda kasi juu ya maji, kishada kinapaa kwa kuvutwa na kamba, mtu anakaa juu anatazama mbali. Waingereza walikikuta kizima.

Kijiwe Nongwa — #45

Na ndege ikitokea wakati jamaa yuko juu?

Fundi Mota — #46

Wanakata kamba wanazama. Yeye ana mwavuli.

Kijiwe Nongwa — #47

Kazi hiyo mpeni Zuberi.

Zuberi wa Mtoni — #48

Mtanikosa. Ila swali: Waingereza walijuaje kuwa hawa ndio wa Peleus?

Wakili Asiyevaa Tai — #49

Daftari la safari la Eck. Halikuharibiwa, baruti hazikuivunja nyambizi yote. Lilionyesha ni nyambizi ipi iliyozamisha Peleus, na maelezo ya manusura walikuwa nayo tayari.

Fundi Mota — #50

Saa tano anafuta alama baharini, halafu daftari analiacha?

Baharia Mstaafu — #51

Siku mbili chini ya mabomu, moshi, majeruhi. Aliamini baruti zingemaliza kila kitu.

Chifu wa Data — #52

Au alidhani hana cha kuficha. Alikuwa anaamini alichokifanya ni halali.

Mama Ntilie wa Kariakoo — #53

Mimi sikubali hata moja kati ya hizo, ila wateja wamejaa. Nitarudi usiku.